Linki Inayokupeleka Kwingine: Somo la Udalali wa Mtandaoni



Ndugu zangu wanafunzi, kuna swali ambalo limeletwa mara kadhaa baada ya darsa zetu za Ijumaa jioni. Je, inafaa mwanafunzi atafute riziki kwa kusambaza linki za maduka ya mtandaoni na kulipwa kamisheni kila mtu anaponunua? Wengine wameuliza jambo la ndani zaidi: je, kuna ubaya kuifupisha linki hiyo, au kuifunika kwa jina jingine, ili isionekane kuwa ni ya kamisheni?

Mwandishi wa somo hili si mufti. Fani yake ni kompyuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo ni kueleza jinsi linki hizi zinavyofanya kazi, kwani jambo usilolijua huwezi kulihukumu. Sehemu ya hukumu tutaigusa kwa yale yanayojulikana, na palipo na tofauti za wanazuoni tutasema hivyo. Lakini kabla ya yote nitaeleza kilichonifanya niandike.

KALENDA YA RAMADHANI

Nilipokuwa mwaka wa pili, jumuiya yetu ilichapisha kalenda 400 za Ramadhani zenye nyakati za swala, daku na futari. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuipanga. Chini ya kalenda palikuwa na nafasi tupu, nikashauri tuweke msimbo wa QR wa kuwapeleka ndugu kwenye orodha ya vitabu vya tafsiri na fiqhi. Wote waliona ni wazo jema.

Ambalo sikuwaambia ni kwamba linki iliyokuwa ndani ya msimbo ule ilikuwa yangu. Mwezi wa Oktoba nilikuwa nimenunua jina la kikoa, yaani domeni, kwa mwaka mmoja. Ndugu akipiga picha msimbo, alipita kwanza kwenye domeni yangu, kisha akapelekwa kwenye duka la vitabu la mtandaoni akiwa amebeba namba yangu ya uwakala. Akinunua, mimi nalipwa. Ramadhani ile nilipata shilingi 37,000. Si fedha nyingi, na vitabu vilikuwa vizuri, kwa hiyo nilijiambia kuwa hakuna aliyedhulumiwa.

Oktoba iliyofuata malipo ya domeni yaliisha. Nilikuwa na mitihani, barua za kunikumbusha zilikuja nikazipuuza. Ramadhani ikaingia tena. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alikuta kalenda ya zamani bado imebandikwa kwenye mlango wa maktaba ya msikiti. Alitaka kitabu cha tafsiri. Alipiga picha msimbo, simu ikamfungulia ukurasa wa kamari ya mpira.

Amiri aliniita baada ya swala ya Alasiri. Hakunipigia kelele. Aliniuliza mambo mawili tu: "Linki ile ni ya nani?" na "Ulikuwa unapata chochote?" Swali la kwanza lilikuwa la kiufundi, na jibu lake lilikuwa kwamba sasa ni ya mtu nisiyemjua, aliyeinunua domeni baada ya mimi kuiacha. Swali la pili ndilo lililonifanya niinamishe kichwa.

Somo hili lote ni maelezo ya maswali hayo mawili ya amiri.

UDALALI HUU UNAFANYAJE KAZI

Mtu anayekwenda Kikuubo, Kampala, kutafuta bidhaa kwa mara ya kwanza hukutana na dalali. Dalali anamshika mkono, anampitisha kwenye vichochoro, anamfikisha dukani. Mteja akinunua, mwenye duka anampa dalali chake. Kazi ya afilieti ni udalali huohuo, ila kichochoro ni linki na shahidi ni kompyuta.

Jambo hili si geni. Amazon ilianzisha mpango wake wa mawakala mwaka 1996, na tangu wakati huo maduka mengi, kampuni za kukodisha seva, shule za mtandaoni na mashirika ya safari yamefuata njia hiyo. Unajiandikisha, unapewa namba yako, na duka linakutengenezea linki ya mfano huu:

https://duka.example/kitabu/4471?wakala=2093

Sehemu ya kwanza ni anwani ya duka. Katikati ni bidhaa. Baada ya alama ya kuuliza ni namba ya dalali. Mteja akibofya, duka linasoma namba 2093 na kuiandika katika faili dogo ndani ya kivinjari cha mteja. Faili hilo linaitwa kuki. Kuki ina muda wake. Kwa mawakala wa Amazon kwa kawaida ni saa 24; maduka mengine hutoa siku 30 au zaidi. Mteja akinunua ndani ya muda huo, duka linaisoma kuki, linaona 2093, linamwandikia wakala kamisheni.

Maduka mengi hufuata kanuni ya mbofyo wa mwisho: mteja akipita kwa madalali watatu, anayelipwa ni yule aliyebofywa mwisho. Shikeni kanuni hii, kwa sababu hila nyingi tutakazozitaja zinatoka hapo.

Tufanye hesabu ndogo ili tusidanganyane. Tuseme kitabu ni shilingi 60,000 na kamisheni ni asilimia 5. Kila kitabu kinachouzwa kinakuletea 3,000. Tuseme domeni inakugharimu 50,000 kwa mwaka. Basi ni lazima uuze vitabu 17 kabla ya kupata faida ya shilingi moja. Wanaowaambia wanafunzi kuwa kazi hii inatajirisha kwa mwezi mmoja, mara nyingi wanauza kozi ya kufundisha kazi yenyewe.

KUELEKEZA UPYA NI NINI

Linki ya dalali ni ndefu, ina alama nyingi, na ikikatika herufi moja kwenye WhatsApp kamisheni imepotea. Ndiyo maana watu hutumia linki fupi ya kwao, kwa mfano vitabu.example/tafsiri, ambayo ikibofywa inampeleka mteja kwenye ile ndefu. Hii ndiyo kuelekeza upya.

Kivinjari kinapoiomba seva ukurasa, seva hujibu kwanza kwa namba. Namba 200 maana yake ukurasa upo, huu hapa. Namba 404 maana yake haupo. Namba zinazoanza na 3 maana yake ni: unachotafuta kipo mahali pengine, nenda anwani hii. Kivinjari kinakwenda chenyewe, na mteja haoni chochote ila kukawia kidogo sana.

Namba mbili ndizo zinazotumika zaidi. Namba 301 ni ya kuhama moja kwa moja. Kivinjari kinaweza kuikumbuka, na safari ijayo hakitapita kwako tena. Kitakwenda palepale kilipokwenda mwanzo. Namba 302 ni ya kuhama kwa muda. Kila mara kivinjari kinarudi kwako kuuliza njia. Zipo pia 307 na 308, ambazo ni ndugu wa hizo mbili kwa mpangilio huo: 307 ya muda, 308 ya moja kwa moja.

Kwa kazi ya udalali, 302 au 307 ndiyo salama. Duka likifungwa au bidhaa ikabadilika, unarekebisha sehemu moja tu na linki zako zote zinafuata. Ukitumia 301, mteja wa zamani anaweza kuendelea kupelekwa kwenye duka lililokufa hata baada ya wewe kurekebisha. Katika seva ya Apache, mstari mmoja katika faili la .htaccess unatosha:

Redirect 302 /tafsiri https://duka.example/kitabu/4471?wakala=2093

Mpaka hapa hakuna lawama yoyote. Hii ni sawa na kibao cha njia panda. Kibao hakimdanganyi mtu. Kinamwambia pa kupita. Lakini tazameni jambo moja: mwenye kibao ndiye mwenye uwezo wa kukigeuza. Aliyechapisha linki kwenye karatasi 400 hana tena uwezo juu ya karatasi zile. Uwezo wote umebaki kwa mwenye domeni, leo na kesho.

LINKI NI YA NANI?

Hili ndilo swali la kwanza la amiri. Linki fupi inaweza kuwa mikononi mwa watu wa aina tatu.

Wa kwanza ni kampuni ya kufupisha linki, kama TinyURL iliyoanza mwaka 2002 au Bitly iliyoanza 2008. Ni rahisi, na matumizi ya kawaida ni bure, lakini wewe ni mpangaji tu. Google yenyewe ilikuwa na huduma ya goo.gl iliyoanza 2009. Mwaka 2018 ikatangaza kuwa inaifunga, na walioichapisha katika vitabu na mabango wakabaki na wasiwasi juu ya linki zao.

Wa pili ni nchi inayomiliki herufi za mwisho za domeni. Herufi .ug ni za Uganda, .rw za Rwanda, .bi za Burundi, .cd za Kongo. Wengi hawajui kuwa .ly ya bit.ly ni ya Libya. Mwaka 2010 msajili wa Libya aliifuta domeni ya vb.ly, iliyokuwa ikifupisha linki za mambo ya watu wazima, kwa hoja kuwa inakwenda kinyume cha sheria za nchi na za Kiislamu. Linki zote zilizopita pale zikafa siku hiyo. Ukikodi nyumba ya mtu, fuata masharti ya mwenye nyumba.

Wa tatu ni wewe mwenyewe, ukiwa na domeni yako. Hapa una uhuru zaidi, lakini uhuru huo una tarehe ya mwisho. Domeni hainunuliwi milele. Inalipiwa kila mwaka. Kwa domeni za .com, ukiacha kulipa kuna kipindi cha neema na kipindi cha kukomboa, na kikipita chote hicho jina linarudi sokoni. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa, kwa sababu linki zake bado zimetapakaa na watu bado wanazibofya. Wenye kamari ni miongoni mwa wanunuzi hao. Mimi niliiacha domeni moja, wao wakapata mlango wa msikiti.

KUFUNIKA LINKI: NANI ANAFICHWA NINI?

Neno kufunika linki hutumika kwa mambo yasiyofanana, na wanaolitetea huchukua lililo jema kuwa ngao ya lililo baya. Tuyatenge.

Kwanza, kufunika urefu. Unaondoa mlolongo wa namba machoni mwa watu kwa kuweka linki fupi. Mteja anajua anakwenda duka gani, na anajua kuwa unalipwa. Hakuna aliyefichwa kitu. Hili ni kama kukunja karatasi ndefu iingie mfukoni.

Pili, kufunika kamisheni. Linki inafupishwa ili namba ya wakala isionekane, na ndugu aamini kuwa unampendekezea bidhaa kwa ajili ya Allah tu. Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Kitabu kilikuwa kizuri, bei haikuongezeka, lakini walinisikiliza kwa sababu waliniona sina maslahi. Wangejua, huenda wangenunua vilevile. Lakini haki ya kujua ilikuwa yao, nami niliwanyima.

Tatu, kufunika mwisho wa safari. Kuna njia ya kuweka duka la mtu mwingine ndani ya fremu, ili juu ya kivinjari iendelee kuonekana domeni yako wakati kilicho ndani ni cha mwingine. Hili lina hatari kubwa. Kila siku tunawafundisha wazazi wetu watazame anwani kabla ya kuandika namba za siri za pesa za simu, na wewe unawazoesha kulipa wakiwa hawaioni anwani ya kweli. Hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya. Isitoshe, hila hii haina hata faida: maduka mengi yanazuia kurasa zao zisifunguliwe ndani ya fremu za wengine, na kivinjari cha Safari tangu Machi 2020 kinazuia kabisa kuki zinazotoka tovuti nyingine. Kwa hiyo kuki yako haiandikwi na kamisheni huipati.

Nne, kuonyesha nyuso mbili. Seva inatazama nani anauliza. Akiwa ni mkaguzi wa kampuni ya matangazo, anaonyeshwa ukurasa safi wa mapishi au afya. Akiwa ni mteja mwenye simu, anapelekwa kwenye kamari au mkopo wa riba. Google inalihesabu jambo hili kuwa udanganyifu, na tovuti inaweza kuondolewa katika matokeo ya utafutaji.

Tano, kupandikiza kuki. Mtu anafungua ukurasa wako kusoma habari, na bila yeye kubofya chochote kivinjari chake kinapitishwa kwa siri kwenye linki yako ya duka. Kuki inaandikwa. Wiki ijayo akinunua kwa hiari yake, wewe unalipwa kwa mteja ambaye hukumleta. Na kwa kuwa anayelipwa ni wa mbofyo wa mwisho, huenda umemnyang'anya dalali mwingine aliyetoka jasho. Mwaka 2008 kampuni ya eBay iliwashtaki mawakala wake wawili wakubwa, Shawn Hogan na Brian Dunning, kwa hila hii. Baadaye serikali ya Marekani ikaingia, wote wawili wakakiri kosa la ulaghai, na mwaka 2014 Hogan alihukumiwa kifungo cha miezi 5 na Dunning miezi 15. Aliyedhani kuwa ni ujanja tu wa kompyuta, mahakama iliuita jina lake.

Mkizitazama aina hizi tano mtaona kuwa teknolojia inakaribiana. Zote ni kuelekeza na kufunika. Kinachozitofautisha ni jibu la swali moja: nani anafichwa nini?

MIZANI YA SHARIA

Asili ya ujira wa dalali ni kufaa. Imam Bukhari, katika mlango wa ujira wa dalali, ametaja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya kwake. Pia kuna mlango wa jualah, yaani zawadi kwa anayekamilisha kazi fulani, na wanazuoni huutolea ushahidi aya ya 72 ya Surat Yusuf, ambapo atakayeleta kopo la mfalme ameahidiwa shehena ya ngamia. Kuhusu kamisheni ya asilimia, ambayo kiasi chake hakijulikani mpaka bidhaa iuzwe, wanazuoni wametofautiana. Wapo walioiruhusu na wapo walioshikilia kuwa ujira ujulikane. Mwenye kutaka kuifanya kazi hii kwa uzito amuulize sheikh wake.

Lakini juu ya kuficha hakuna tofauti. Sote tunakijua kisa kilichopokewa na Muslim, pale Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa sababu kilicholowa hakukiweka juu watu wakione, na Mtume (s.a.w.) akajitenga na mwenye kughushi.

Kitafakarini kisa hiki mkiwa na simu mkononi. Linki fupi iliyofunikwa ni lundo kavu kwa juu. Anayebofya ndiye anayeingiza mkono. Akikuta chini yake kamisheni ambayo hakuambiwa, au duka asilolitarajia, basi unyevu huo uliuweka wewe.

Na tusisahau bidhaa yenyewe. Dalali ni mshirika katika anachokiuza. Programu za kamari na za mikopo ya riba huwapa mawakala kamisheni nono kuliko vitabu, na zinawalenga wanafunzi kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi ana simu, ana shida ya fedha na ana kundi la WhatsApp lenye watu 200 wanaomwamini. Hapo kufunika au kutofunika hakubadilishi kitu.

MWONGOZO KWA ANAYETAKA KUFANYA KAZI HII

1. Chagua bidhaa halali unayoijua. Kama hujakisoma kitabu au kuitumia kompyuta hiyo, sema kuwa hujaitumia.

2. Tangaza kamisheni kabla ya linki, kwa lugha ya wasomaji wako. Sentensi moja inatosha: "Ukinunua kupitia linki hii, mimi napata kamisheni, bei yako haibadiliki." Isiwe chini kabisa ya ukurasa, wala kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, inalitaka jambo hili liwe wazi na lenye kuonekana, na Amazon inawalazimisha mawakala wake wajitambulishe. Muislamu asingoje kulazimishwa.

3. Taja duka. Andika "Linki ya duka fulani" na si "Bofya hapa". Soma masharti ya duka pia: Amazon, kwa mfano, inakataza kutumia ufupishaji kwa namna inayomfanya mteja asijue kuwa anapelekwa kwao.

4. Tumia 302 au 307, na hatua moja tu. Linki inayopita domeni tatu kabla ya kufika inachelewa, na pakiharibika pamoja pote pameharibika.

5. Kwenye tovuti yako, iwekee linki ya kamisheni alama ya rel="sponsored". Google iliianzisha mwaka 2019 ili mitambo ya utafutaji ijue kuwa linki hiyo ni ya malipo.

6. Usiweke ukurasa wa malipo ndani ya fremu. Mteja aione anwani ya duka mwenyewe kabla ya kutoa namba ya siri.

7. Ukihifadhi kumbukumbu za wanaobofya, fahamu kuwa unashika taarifa za watu. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Rwanda tangu 2021. Chukua kidogo unachohitaji, kisha ufute.

8. Weka tarehe ya domeni mahali pawili: katika simu yako na katika daftari la jumuiya. Kama linki imechapishwa kwenye karatasi, domeni iwe ya jumuiya na si ya mtu, maana mtu huhitimu akaondoka na karatasi ikabaki ukutani. Kabla ya kuacha domeni, jiulize ni wapi bado imeandikwa.

KWA ANAYEBOFYA

Nanyi mnaopokea linki msiwe wepesi. Kuibonyeza linki kwa muda mrefu kwenye simu kunakuonyesha anwani ya kwanza tu, si ya mwisho. Kwa linki za Bitly, ongeza alama ya + mwishoni na utaonyeshwa inakokwenda kabla hujaenda. Wenye kompyuta waandike amri ya curl -I kisha linki. Wataona namba ya 3 na anwani inayofuata. Ukishafika, soma anwani juu ya kivinjari kabla ya kuandika chochote. Na ndugu akikuletea linki, muulize bila haya: "Wewe una chako hapa?" Kuuliza hivyo si dhana mbaya. Swali la amiri lingeniokoa kama mtu angeniuliza kabla ya kuchapisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARSA

1. Kaka ana linki ya kamisheni ya kompyuta nzuri na ya bei nafuu kuliko duka jingine. Anaogopa kuwa akitangaza kamisheni watu hawatabofya. Mtamshauri nini?

2. Jumuiya inataka kupata fedha za futari kwa linki za kamisheni. Domeni isajiliwe kwa jina la nani, nani alipie kila mwaka, na mapato yasomwe wapi?

3. Mtu alipata kamisheni kwa kuficha, kisha akajuta. Wanunuzi hawajui wala hawakupata hasara. Afanye nini na fedha ile?

Hilo la tatu lilikuwa langu. Niliwaeleza ndugu jambo lote mbele ya halaiki, nikatoa zile 37,000 katika mfuko wa jumuiya, kisha nikachukua kalamu ya wino mzito na kuzunguka hosteli kwa hosteli nikifuta msimbo ule kwenye kalenda. Nilizifikia 260 hivi. Zilizobaki sijui ziko kwenye kuta za nani, na kila anayepiga picha anapelekwa na mwenye domeni anakotaka yeye.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki ya halali yenye baraka, na atulinde na kuwafungulia watu milango ambayo hatuwezi tena kuifunga. Wallahu a'lam.